Gari la kuvuta boti hadi Ziwa Nyasa: ninavyolichagua

Kazi yangu ni kupeleka boti za faiba kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Nyasa. Mafundi wanazitengeneza Kigamboni, wateja wako Matema na Itungi, na katikati pana zaidi ya kilomita 900 za lami zenye milima ya kila namna. Ni mwaka wa kumi na moja sasa. Kila mwezi napigiwa simu na mtu aliyenunua boti, au anayetaka kuhamisha mashine ya kukoboa, au mizinga ya nyuki, na swali ni lilelile: "Kaka, nina gari hili, litavuta?"

Huwa namjibu kwa swali. Litavuta, sawa, je, litazuia?

Nitaeleza kwa njia ninayoijua. Ukitoka Dar uko usawa wa bahari. Morogoro na Mikumi hazikusumbui. Ukishapita Ruaha Mbuyuni unakutana na Kitonga, ukuta wa mlima wenye kona zilizobanana, malori yamepangana yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ukimaliza Kitonga uko Ilula, kisha Iringa, juu ya mita 1,500. Unaendelea Mafinga na Makambako kwenye baridi, unateremka hadi Igawa na Chimala kwenye joto la mpunga, halafu unapanda tena Inyala kwenda Uyole. Hapo wengi wanashusha pumzi, wanadhani wamefika. Kumbe kutoka Igawilo barabara inapanda mabega ya Mlima Rungwe hadi zaidi ya mita 2,000, kisha inaanguka: Kiwira, Tukuyu, Ushirika, mpaka Kyela, chini ya mita 500. Zaidi ya mita 1,500 za kushuka ndani ya kilomita zisizofika 100, na muda wote huo boti iko nyuma inakusukuma.

Watu wananunua gari kwa kuiogopa Kitonga. Mimi nanunua gari kwa kuiogopa Tukuyu. Gari lisiloweza kupanda litakuaibisha tu: litasimama, litachemsha, utaweka mawe chini ya matairi na kusubiri lipoe. Gari lisiloweza kushuka na mzigo halikupi nafasi ya kusubiri.

Nililijua hili mwaka wa pili wa kazi. Gari langu lilikuwa gereji, nikaazima la jamaa, jipi nzuri ya kifahari, fupi, injini ndogo ya petroli, otomatiki. Kitonga ilipanda vizuri kabisa, mpaka mpwa wangu niliyekuwa naye akasema, "Mjomba, hili ndilo gari." Siku ya pili, mvua nyembamba ya Rungwe inanyesha, tumeshapita Isongole, kule juu kabla ya Kiwira. Nilikuwa nimeiacha gia kwenye D na mguu uko kwenye breki karibu muda wote. Harufu ndiyo iliyotangulia, kama mpira na chuma vinaungua pamoja. Kisha pedali, iliyokuwa inashika juu, ikaanza kushika katikati. Kona iliyofuata ikashika karibu na sakafu. Mpwa wangu alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, hasemi kitu. Nikavuta gia hadi L, injini ikalia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwenye gari lile, na mwendo ukapungua kiasi cha kuniwezesha kuingia kwenye upenyo wa kushoto, mahali akina mama wanapouzia ndizi. Tulishuka. Rimu za mbele zilikuwa zinatoa moshi, na matone ya mvua yakizigusa yanapiga kelele kama maji kwenye kikaango. Tulikaa pale saa mbili na nusu. Mama mmoja alituletea viti bila kuulizwa.

Gari lile halikuwa na kosa lolote. Lilibebeshwa kazi isiyo yake, na aliyelibebesha ni mimi.

Pima kwanza, usikadirie

Kabla ya kutaja jina la gari lolote, peleka tela yako na mzigo wake wote kwenye mizani. Mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu inatosha, na utalipa pesa kidogo. Usikubali makadirio ya fundi wala ya muuzaji. Boti yangu ya kwanza ya mita 7 niliambiwa "kama tani moja na nusu na tela yake." Mizani ilisoma kilo 1,960. Kilichoongezeka ni vitu ambavyo hakuna aliyevihesabu: mashine ya pili ya akiba, nanga, kamba, madumu ya mafuta, na nyavu ambazo mteja aliomba "zisindikizwe tu humohumo." Maji ya mvua nayo huingia kwenye boti. Lita 100 za maji ni kilo 100, kwa hiyo chomoa kizibo cha nyuma kabla ya safari.

Sasa fungua mlango wa gari unalolitaka. Kwenye nguzo ya mlango, au kwenye bati ndani ya boneti, na kwenye kitabu cha gari, tafuta namba tatu: uzito wa juu wa gari lenyewe likiwa limepakiwa, uzito wa juu wa tela linayoruhusiwa kuvuta, na uzito wa juu wa vyote viwili kwa pamoja. Wauzaji hupenda kutaja ile ya pili, kwa sababu inavutia. Pikapu nyingi za leo zinaandikiwa hadi kilo 3,500. Lakini hiyo ya tatu ndiyo ya kweli, kwani inahesabu kila kitu kinachopanda mlima.

Na ile ya kwanza usiisahau. Chukua mfano. Gari tupu ni kilo 2,100, linaruhusiwa kufika kilo 3,000. Umebaki na 900. Watu wanne, 300. Matairi mawili ya akiba, jeki, vyombo, mizigo ya watu, 200. Shingo ya tela inapokaa kwenye ndoano inalikandamiza gari, na uzito huo nao unahesabiwa kuwa ni wa gari: kwa tela ya tani 2 ni kama kilo 200. Umebaki na 200 tu, na hujaweka hata gunia la mchele wa Kyela la kurudi nalo nyumbani.

Hapo kwenye shingo nikuombe utulie kidogo. Uzito wa shingo uwe karibu sehemu moja ya kumi ya tela nzima. Ukiwa mdogo mno, yaani boti imekaa nyuma sana, tela itacheza mkia kwenye mteremko, na ikianza kucheza inaongeza yenyewe. Ukiwa mkubwa mno, gari linakaa chini nyuma na kuinua pua, matairi ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hausikii. Weka shingo juu ya gogo lililosimama kwenye mizani ya gunia, tela ikiwa imelala usawa, usome. Kusogeza boti mbele sentimita 15 kumewahi kunibadilishia safari nzima.

Injini, na hewa ya juu

Kwenye mwinuko wa asilimia 8, kila tani moja inakuvuta kurudi nyuma kwa uzito wa kilo 80. Gari na tela vikiwa tani 4 na nusu, ni sawa na kuburuta kilo 360 kwa kamba, bila kuacha, mpaka juu. Hicho ndicho kinachoitafuta injini yako. Kwa hiyo usiulize nguvu za farasi peke yake. Uliza nguvu ya kuzungusha, ile ambayo mafundi wanaiita toki, na uulize inapatikana injini ikiwa kwenye mizunguko mingapi. Unataka inayokuja mapema, chini ya mizunguko 2,500 kwa dakika, ili usipande mlima mzima injini inapiga mayowe.

Kuna na jambo la hewa. Injini isiyo na turbo, yaani kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Ukifika Isongole umeacha njiani kama sehemu moja ya tano ya injini uliyotoka nayo Dar. Turbo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Maji nayo huchemka mapema huko juu: kwenye mita 2,000 yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni kifuniko chake, kinachoshikilia presha. Raba ya kifuniko ikichoka, gari ambalo Dar halijawahi kuchemsha litachemsha Kitonga saa saba mchana, na utafungua rejeta nzima kutafuta ugonjwa ulioko kwenye kifuniko.

Majina sasa, maana najua ndiyo unayoyasubiri.

Land Cruiser pikapu, ile 79 yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, dizeli isiyo na turbo. Toki yake ni Nm 285, namba ambayo vijana wanaicheka. Itapanda Kitonga polepole nyuma ya malori na haitakuwa na haraka. Lakini ni injini kubwa yenye mgandamizo wa 22.4 kwa 1, na ukiiweka gia ya pili kwenye mteremko inashikilia mzigo kama mtu aliyekanyaga kamba. Pampu yake haina kompyuta. Fundi wa Chimala ataifungua. Gari langu la kwanza la maana lilikuwa hili, na kama boti yako ni nzito na huna haraka, nakushauri hili kabla ya jingine lolote.

Hilux ya lita 2.8 iliyoanza kutoka mwaka 2015: ya otomatiki ina Nm 450, na kuanzia 2020 zipo zenye 500. Hili ndilo ninaloendesha leo. Kupanda ni raha tupu, ndani ni kimya, na ukiwa umechoka linakusaidia. Ila injini ni ndogo, na kwenye kushuka haishikilii kama ile ya 4.2. Ndiyo sababu, nilipohamia kwenye Hilux, nilibadilisha pia breki za tela. Nitalifikia hilo. Hilux ya lita 2.4 inafaa kwa tela isiyozidi tani moja na nusu. Zaidi ya hapo unaifanyia ukatili.

Ford Ranger ya lita 3.2 na Isuzu D-Max ya lita 3.0 ni magari yenye nguvu ya kutosha kabisa kwa kazi hii. Swali langu kwa yote mawili ni moja: ukiharibikiwa Igawa saa mbili usiku, kipuri kinatoka wapi? Kwenye njia hii, cha Toyota kinaweza kuja na bodaboda kutoka Makambako. Cha mengine huenda kikasubiri basi la kutoka Dar.

Prado ni gari jema na ninalipenda kwa familia. Tatizo lake kwangu ni urefu. Kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, Prado 150 ya milango mitano ni milimita 2,790. Hilux dabo kebini ni 3,085. Ile 79 ya kebini moja ni 3,180. Gari fupi mbele ya tela ndefu ni kama mtoto aliyeshika kamba ya ng'ombe: ng'ombe akitaka kugeuka, ndiye anayeamua. Boti ni ndefu, ina ubavu mkubwa, na upepo wa Makambako unaupiga huo ubavu vizuri. Kwa tela fupi ya mizinga ya nyuki, Prado haina neno. Kwa boti ya mita 7, hapana.

Giaboksi

Wakubwa wa malori wana kanuni yao, na mzee mmoja wa semitela aliniambia pale Comfort, tukiwa tunakunywa chai kabla ya kupanda Kitonga: "Kijana, mlima unaushuka kwa gia uliyopandia." Kwa hiyo gari lolote unalolifikiria lazima likuruhusu kushikilia gia. Manyuo inakuruhusu kila wakati. Otomatiki hakikisha ina njia ya kuchagua gia kwa mkono, na uijaribu kabla ya kulipa. Nyingine ukichagua ya pili inapanda ya tatu yenyewe mizunguko ikizidi, na hapo ndipo unapoihitaji isipande. Kamwe usishuke na fri kwa kuokoa mafuta.

Otomatiki huzalisha joto kwenye mafuta yake ikivuta mzigo mlimani. Funga kipoozeo cha pembeni cha mafuta ya giaboksi, na ubadilishe mafuta hayo mapema kuliko kitabu kinavyosema. Manyuo adui yake ni klachi: kurudisha boti nyuma kwenye kilima kwa kuichezea klachi nusunusu inaimaliza kwa dakika kumi. Ndiyo maana sinunui gari lisilo na 4L, ile gia nzito ya magurudumu yote manne, hata kama litatembea kwenye lami tu. Ukiweka 4L, klachi unaiachia yote na gari linarudi taratibu kama linavutwa kwa winchi.

Breki za tela ni sehemu ya gari

Tela yoyote inayozidi kilo 750 iwe na breki zake. Nyingi zinazotengenezwa mitaani hazina kabisa, na fundi atakuambia gari lako lina breki nzuri. Mwambie hapana.

Kuna zile zinazofanya kazi kwa kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela inasukuma shingo yake mbele, na msukumo huo unakamua breki. Ni rahisi, hazihitaji waya. Lakini kwenye mteremko mrefu, unaposhikilia gia, tela inasukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinasugua muda wote, na zinapata moto bila wewe kujua. Zilinitosha nilipokuwa na 79 na boti ndogo, na nilikuwa nasimama mara mbili kati ya Isongole na Tukuyu ili zipoe. Sasa nina za umeme, zenye kidude kidogo ndani ya kebini ninachoweza kukibonyeza kwa kidole. Tela ikianza kucheza mkia nakibonyeza peke yake, bila kugusa breki za gari, na inanyooka. Gharama yake iweke kwenye bei ya gari tangu mwanzo. Kama pesa inatosha gari la juu bila breki za tela, au la chini pamoja na breki, chukua la chini.

Ukienda kulikagua

Magari mengi ya kazi hii utayapata yametumika. Yaliyokuwa ya miradi, yaliyovaa namba za DFP, mara nyingi yana kumbukumbu za sevisi, lakini yamepita barabara mbaya. Nenda asubuhi na mapema, umwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike. Lala chini nyuma ya gari na tochi. Chunguza chesisi pale inapofungwa ndoano: nyufa nyembamba kama unywele, rangi mpya mahali pamoja tu, au welding juu ya welding. Ukiona, nyanyuka uende zako, bei isikushawishi. Kisha washa, fungua kifuniko cha oili juu ya injini: moshi kidogo ni kawaida, moshi unaopumua kwa nguvu kama jiko ni injini iliyochoka.

Halafu omba kulipeleka mlimani. Ukiwa Dar, nenda Pugu hadi Kisarawe, na tela yenye mzigo kama muuzaji atakubali. Panda mara tatu mfululizo bila kuzima, na mara zote tatu angalia mshale wa joto. Kwenye kushuka weka gia ya pili na uondoe miguu yote kwenye pedali. Kama mwendo unaongezeka mpaka unalazimika kukanyaga breki hapo Pugu, Tukuyu utafanya nini?

Piga na hesabu ya mafuta. Hilux yangu ikivuta boti inakwenda kama kilomita 6 kwa lita. Tenki la lita 80 haliniachii cha akiba kufika Iringa, kwa hiyo najaza Mikumi. Dizeli nanunua kwenye vituo vyenye malori mengi, na filta ya ziada iko nyuma ya kiti, kwa sababu injini hizi mpya haziwezi kabisa maji kwenye mafuta.

Ukifika ziwani usiingize tela majini papo hapo. Habu zenye moto zikizama kwenye maji baridi zinanyonya maji ndani, na beringi utaziua kabla ya safari ya kurudi. Subiri. Wakati unasubiri, zunguka na kiganja chako karibu na kila tairi, kwanza ya gari, kisha ya tela, bila kuigusa rimu mpaka uwe na hakika haiunguzi. Zikiwa zote vuguvugu kwa kulingana, gari na tela vimegawana mlima sawasawa. Ukikuta za tela baridi na za gari zinakufukuza mkono, gari limeshuka Rungwe peke yake na boti mgongoni: rekebisha breki za tela hapohapo Matema, kabla hujapakia chochote cha kurudi nacho.